Kushuka Si Kuanguka: Miaka Thelathini na Miwili ya Bi Ubao

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, hata daftari langu ambalo linajua mengi. Yale maneno mawili, "SOKO LIMEANGUKA", ambayo ofisi nzima imemtania nayo Bi Ubao kwa miaka minne, hakuyaandika yeye. Niliyaandika mimi. Sasa nimeshasema, naweza kuendelea na kazi niliyopewa.

Bi Ubao anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi jioni, baada ya kuitumikia ofisi yetu ya uwakala wa hisa kwa miaka thelathini na miwili na miezi miwili. Wateja wanamwita Bi Ubao. Kwangu mimi ni shangazi, dada mkubwa wa baba. Na mimi ni yule binti wa likizo anayekaa chumba cha mafaili, anayegeuza taarifa ya soko ya kila siku kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Kama hamnijui vizuri, kosa si lenu. Nikisikia viatu mlangoni huwa nafunika ninachoandika kwa kitabu cha jiografia, hata kama naandika tarehe tu.

Meneja aliponipa kazi hii alisema, "Wewe si ndiye mwenye lugha mbili? Tuandikie kurasa mbili za kuchangamka za kumuaga. Na usisahau ile ya soko kuanguka, watu watavunjika mbavu." Nimeandika rasimu tatu zinazosema "Bi Ubao aliandika". Zote tatu ziko kwenye kapu la taka, na mfagiaji ameanza kuniuliza kama nimekosana na mtu.

Basi tuanze mwanzo.

Aliingia hapa akiwa mpokea simu, na umri wa miaka ishirini na minane. Wakati huo bei za hisa hazikukaa kwenye skrini. Zilikuja kwa simu mara mbili kwa siku, zikisomwa na mtu mwenye haraka. Yeye alizinukuu, akashuka ngazi kumi na nane hadi mlango wa barabarani, akaziandika kwenye ubao mweusi ili hata mpita njia asome. Chaki ya bluu kwa bei iliyopanda, nyekundu kwa iliyoshuka. Kuna wiki chaki ya bluu iliadimika madukani. Fundi cherehani wa chumba cha jirani alipanda ngazi akiwa na sura ya msibani, kuuliza kama kampuni zote zimekufa kwa pamoja.

Fundi huyo ndiye aliyeanzisha salamu ambayo sasa ni ya ofisi nzima. Kila asubuhi alikuwa akipita na futi yake shingoni, anauliza, "Zangu zimeamkaje?" Naye Bi Ubao hujibu bila kuinua kichwa, "Zimeamka salama, zinakusalimia." Siku zilizoamka vibaya alisema, "Zimeamka na homa kidogo, lakini uji zimekunywa." Fundi alikuwa na hisa mia mbili tu. Aliziulizia hali kama wajukuu.

Kompyuta zilipokuja, ubao ulipelekwa stoo. Ulikaa siku tisa. Siku ya kumi foleni ilianzia mlangoni ikapanda hadi meza ya mapokezi, watu wamekuja kuuliza kwa mdomo walichokuwa wakisoma kwa macho, na mlinzi mwenyewe ndiye aliyekwenda kuutoa stoo bila kutumwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuuondoa.

Kazi kubwa ya Bi Ubao, hata hivyo, iko ukutani, na kila mmoja wetu huipita kila siku. Aliona kwamba ubao una kasoro moja: unaonyesha leo tu, na kesho unafutwa. Mtu akiona nyekundu leo anadhani maisha yake yote ni nyekundu. Akanunua karatasi za vyumba vidogo vidogo, akazibandika kwenye ukuta wa ngazi, kila ngazi mwaka mmoja, na kila mwezi akaweka nukta ya bei za soko kwa ujumla. Kisha akaomba uzi kwa fundi cherehani akaupitisha katikati ya nukta. Nukta zinarukaruka kama maharage kwenye sufuria inayochemka, lakini uzi unakwenda zake. Aliuita "mwelekeo", na akawafundisha wateja kutofautisha nukta na uzi. Ngazi zilipokwisha, karatasi ziliendelea na korido, na mwezi huu zimefika kwenye mlango wa chumba cha mafaili ninachokaa.

Mteja akija amekata tamaa, humwambia, "Shuka, kasimame kwenye ngazi uliyonunulia." Mtu anashuka, anahesabu, anasimama. "Sasa tazama huku juu nilipo." Wengi hucheka peke yao. Wachache walionunua mwaka ambao bei zilikuwa kileleni hawacheki, na hao Bi Ubao huwaambia ukweli: "Wewe ulipanda basi limeshajaa. Itabidi usimame kidogo."

Na ana sheria yake ambayo haimo kwenye kitabu chochote cha ofisi: fomu ya kuuza haipokelewi kutoka kwa mtu anayehema. "Keti, upumue. Hisa haziuzwi na mapafu." Anampa maji na kiti, na anasubiri. Meneja wa zamani alilalamika kwamba tunapoteza biashara. Bi Ubao akamjibu kwamba anayeuza akiwa na hofu haji tena, na aliyepumua anarudi na shemeji yake. Shemeji wengi wamekuja.

Msije mkadhani hajawahi kukosea. Ngazi ya saba ina mstari mwekundu unaoshuka hadi unafika sakafuni. Hiyo ni kampuni aliyoinunua yeye mwenyewe kwa sababu rafiki yake alimwambia, na ilikufa ikazikwa. Angeweza kuubandua mstari ule zamani. Badala yake ameuandikia chini, kwa mkono wake: "Hapa nilinunua maneno." Watoto wa wateja huuliza maana yake, naye huwaeleza kwa furaha kana kwamba anasimulia ushindi.

Sasa ile ya soko.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, shule zimefungwa, nyumbani hakuna mtu, kwa hiyo Shangazi alikuwa anakuja nami kazini. Siku hiyo alikwenda kung'olewa jino. Aliniachia chaki na maagizo: taarifa ikija, andika bei tu, mengine nitayaandika nikirudi. Taarifa ikaja na kichwa kikubwa cha habari kwa Kiingereza. Mimi shuleni vipindi vyote ni vya Kiingereza kasoro kimoja, na nilikuwa najiona mkali. Nikakigeuza kile kichwa neno kwa neno, kama mtu anayehamisha sufuria bila kufunua aone kama ina mchuzi. Nikaandika kwa herufi kubwa, nikapigia mstari: SOKO LIMEANGUKA. HASARA KUBWA.

Barabara mbili kutoka hapa, kama mnavyojua, kuna soko lenyewe. La mboga. Lina paa la bati.

Mtu wa kwanza kusoma alikuwa muuza nyanya aliyekuwa amepeleka mzigo kwenye mgahawa. Alikuwa amemwacha binti yake wa miaka kumi na mmoja kwenye meza yao. Nilimwona kupitia dirishani. Alisoma, akasoma tena, beseni likamtoka kichwani, akapiga yowe: "Soko limeanguka! Mwanangu yumo ndani!" Akaanza kukimbia. Mpiga pasi akamfuata, kinyozi akamfuata na kitambaa cha mteja begani, mteja naye akamfuata kinyozi akiwa amenyolewa upande mmoja. Walipofika sokoni walikuwa zaidi ya thelathini.

Waliokuwa ndani ya soko waliona umati unakuja mbio, wakadhani wanaokuja wanajua jambo, wakakimbilia nje. Waliokuwa nje wakakimbilia ndani kuokoa watu wao. Wakakutana langoni. Mwenye meza ya jirani alikuwa anapiga kelele, "Chukueni kwa bei yoyote, mimi naondoka!" na yule binti, ambaye alikuwa ametazama juu akaona paa liko mahali pake, akatoa hela yake ya chakula cha mchana akanunua kreti mbili nzima za nyanya zake.

Mama yake alifika akiwa na ndara moja.

"Mama, unakimbizwa na nani?"

"Soko limeanguka!"

Binti akatazama juu kwa mara ya pili. "Si paa hilo hapo, Mama?"

Jirani alipotulia alidai kreti zake. Akarudishiwa moja kwa ajili ya ujirani. Ya pili aliuziwa kwa bei ya siku.

Hii ndiyo sehemu mnayoijua na kuicheka. Isiyojulikana ni hii. Saa nane mtu wa manispaa alipiga simu. Meneja alishuka ngazi mbili mbili, akasimama mbele ya ubao, akauliza, "Nani kaandika upuuzi huu?" Mimi nilikuwa nyuma ya kabati la mafaili lililokuwa pale chini mlangoni, na nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Kisha nikajibana ukutani. Wakati huohuo Shangazi akaingia kutoka kwa daktari wa meno, shavu limevimba, mdomo umejaa pamba. Alitazama ubao, akatazama zile herufi zangu zilizolala kama zimechoka, akaitazama nafasi kati ya kabati na ukuta. Akanyoosha mkono, kama mwanafunzi anayeulizwa nani kavunja kioo, kisha akajigusa kifua.

Nyumbani hakunigombeza. Siku ya tatu, alipoweza kutafuna, aliniambia, "Neno umelitoa vizuri kule lilikotoka. Hukuangalia huku linakokwenda kuna nani." Na Jumatatu, badala ya kunificha chumba cha nyuma, alinishusha hadi kwenye ubao akaniwekea chaki mkononi. "Andika: bei za hisa zimeshuka. Kinachoanguka kinazolewa kwa ufagio. Kinachoshuka kinaweza kupanda tena." Alisimama pembeni yangu mpaka nikamaliza, na tangu siku hiyo neno "kuanguka" halijaonekana kwenye ubao ule.

Nilipokuwa naweka nukta ya mwisho, muuza nyanya akatokea, mikono kiunoni. "Nataka kuliona hilo soko lililoniangukia!" Alikuwa anahema, kwa hiyo alipewa kiti na maji. Alikaa saa mbili. Bi Ubao alimwambia kwamba tayari anaijua kazi hii kuliko wengi wetu: siku nyanya zikijaa sokoni bei inashuka na hakuna nyanya iliyooza kwa ajili hiyo. Tena yeye hauzi nyanya peke yake, ana vitunguu na ndimu pembeni kwa sababu siku hazilingani. Na binti yake siku ile alifanya jambo ambalo wenye suti husahau: kabla ya kukimbia, alitazama paa.

Hapo ndipo lilipoanzia Darasa la Ngazini. Kila Jumamosi asubuhi, kwa miaka minne, wauzaji wa sokoni wamekaa kwenye ngazi zetu, kila mtu kwenye ngazi yake, wakijifunza hisa ni nini, hati fungani ni nini, gawio la faida linatoka wapi. Aliwafundisha kuuliza ada kabla ya kuuliza faida: "Haba na haba hujaza kibaba, sawa, lakini kwanza angalia kibaba hakina tundu." Kijana mmoja mtanashati aliwahi kuja kuwaahidi pesa zao maradufu ndani ya mwezi. Muuza nyanya akamuuliza, "Mwenye kuku wa kutaga mara mbili kwa siku, anamtembeza mtaani kumuuza?" Kijana akakumbuka ana mahali pa kwenda.

Walianza saba, sasa ni arobaini na mmoja. Mwaka juzi bei ziliposhuka miezi saba mfululizo, wateja wetu wenye elimu kubwa waliuza kwa simu. Darasa la Ngazini walikuja Jumamosi kama kawaida, wakapiga kelele kutoka chini: "Paa lipo?" Bi Ubao akawapitisha kwenye kampuni moja moja: hii bado inauza, hii bado inatoa gawio, hii ina ufa, nayo tuiangalie. Kampuni nyingi paa lilikuwepo. Walikaa. Waliotaka kununua zaidi walinunua, kidogo kidogo, kwa hela ambayo hawakuihitaji kesho yake. Leo uzi umerudi ulikokuwa na kupita, na binti wa nyanya ana hisa zilizoandikwa kwa jina lake. Amebandika cheti juu ya kitanda, mahali ambapo mimi nimebandika picha za waimbaji.

Yote haya yalitoka kwenye kosa langu, na ningeweza kutulia hapo nikajipongeza kimoyomoyo. Nilitulia hivyo kwa miaka minne. Lakini wiki iliyopita nilipewa faili la Bi Ubao ili nichukue tarehe. Ndani yake kuna karatasi mbili zilizobanwa pamoja. Ya kwanza ni barua ya onyo kwa "uzembe wa kuandika taarifa ya kupotosha". Ya pili ni ya mwezi uliofuata. Inasema kwamba kutokana na onyo hilo, uteuzi wake kuwa Mkuu wa Huduma kwa Wateja umesitishwa. Sikujua. Nilijua alinikinga na aibu ya siku moja. Sikujua alilipa kwa cheo alichokingojea miaka ishirini na minane, halafu akaja nyumbani jioni ya barua ile akaniuliza kama nimekula.

Nilikwenda nikasimama kwenye ngazi ya saba muda mrefu. Yeye mstari wake mwekundu ameubandika wazi, kila apandaye auone. Wangu nimeuficha chini ya kitabu cha jiografia. Basi naubandika hapa, kwenye ukurasa huu, mbele ya wafanyakazi na wageni wote: siku ile niliogopa, na mtu mwingine akanyoosha mkono kwa niaba yangu.

Bwana Meneja, nakuomba kwa heshima zote, kabla faili halijafungwa Ijumaa, barua hizo mbili zitolewe, na mahali pake paandikwe jina la aliyekosea. Jina langu unalo kwenye orodha ya posho za likizo. Watu na wacheke, maana inachekesha kweli, mimi mwenyewe nikikumbuka kinyozi nashindwa kujizuia. Ila wamcheke mwenyewe.

Kuhusu mipango yake, Bi Ubao anasema atalala hadi saa mbili asubuhi kwa siku tatu mfululizo ili aone inakuwaje. Baada ya hapo ataishi kwa gawio la hisa alizonunua kidogo kidogo tangu mshahara wake wa kwanza, na Jumamosi atakuwa ngazini kama kawaida, safari hii akiwa amekaa na wanafunzi wake, kwenye ngazi yake. Fundi cherehani, ambaye sasa ana miaka themanini na mmoja, ametuma ujumbe kwamba atakuja Ijumaa kuzisalimia hisa zake na kumshonea Bi Ubao gauni bila kumpima, kwa kuwa amemwona akishuka zile ngazi vya kutosha.

Kwa niaba ya ofisi, wateja, mlinzi aliyeuokoa ubao, na Darasa la Ngazini wote arobaini na mmoja: asante kwa kila chaki, kila kiti, kila glasi ya maji. Asante kwa uzi.

Nasikia viatu kwenye ngazi. Ni vyake, kisigino cha kulia kinagonga, msumari wake umechomoza tangu mwezi uliopita. Anapanda polepole, anasimama, bila shaka ngazi ya saba, anaendelea. Atakuja kuuliza taarifa ya leo iko wapi. Kitabu cha jiografia kiko karibu na kiwiko changu, kikubwa cha kutosha kufunika kurasa zote hizi. Mchapaji, tafadhali usiikate aya hii. Nimekisogeza kitabu mbali.

Shangazi, Ijumaa saa kumi utashuka ngazi zetu kumi na nane. Tunakuombea chini yake kuwe na asubuhi ndefu, afya, na nukta nyingi za bluu. Shuka taratibu, ukiwa umeinua kichwa. Unashuka tu. Paa lipo.

Huyo, ameshafika mlangoni. Karibu, Shangazi. Soma.